Saa ya mjomba na ile ya ndizi

Mhariri naomba kanafasi kadogo.

Mjomba wangu tunakaa nae hapa Chang'ombe Dodoma, mwanae wa Uingereza akamtumia saa janja, mzee akaivaa kama pambo tu, siku ya tatu ikamwandikia mapigo yako hayana mpangilio. Hakulala. Asubuhi tukaenda kituo kimoja (sikitaji), daktari akacheka, akasema hizo ni saa za michezo, akampima presha kwa mashine basi nendeni nyumbani. Mkono wa mzee hakuushika hata sekunde.

Sasa mi sio daktari, ila nimesoma. Hiyo saa inamulika kamwanga ka kijani kwenye ngozi inasoma damu inavyopita, ugonjwa wenyewe wa moyo kupiga ovyo haiuthibitishi. Kule Marekani walifuatilia watu zaidi ya laki 4 wenye saa janja, majibu yakatoka 2019, walioshtuliwa na saa hawakufika hata mmoja kwa mia, na waliobandikwa kipimo kifuani baadae kama theluthi ndio walikutwa na hilo tatizo. Wengine je? Wazima labda, au siku hiyo moyo ulitulia tu maana hili tatizo linakuja na kuondoka. Na theluthi sio mchezo, moyo ukipiga ovyo damu inatuama ndani inaganda, donge likipanda kichwani ni kiharusi, hatari yake kama mara 5 ya mtu wa kawaida.

Tukaenda hospitali nyingine wakampiga ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo), ikatoka ile ile ya saa. Saivi yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda.

Ila nisije nikaonekana napigia debe saa. Mi mwenyewe nilinunua ya elfu 25 mtaani, nikaifunga kwenye ndizi, ikasoma mapigo 72, ndizi mzima kabisa. Na shangazi yangu wa Mpwapwa saa ya maana ataitoa wapi?

Ombi langu ni kwa manesi wa zahanati, mkipima presha shikeni na mkono dakika nzima, bure kabisa, tena moyo ukipiga ovyo hata hizo mashine za presha zinadanganya. Ukisikia mapigo hayaeleweki, mwandikie mgonjwa aende ECG. Na wa nyumbani wanaweza, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba la mwenzio, usitumie gumba lako, lina mapigo yake litakuchanganya.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma