Wizara Zilizogawanywa kwa Hesabu

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipokea pamoja na salamu za jamaa, nami nashukuru. Umeniuliza iliwezekanaje watu wa Ireland ya Kaskazini, baada ya kuuana kwa miaka thelathini, waketi katika baraza moja la mawaziri, na kama sisi Wazanzibari, wenye Serikali yetu ya Umoja wa Kitaifa, tuna la kujifunza kwao. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, maana jibu limo katika namna wizara zilivyogawanywa na si katika mapenzi ya viongozi, ambayo yalikuwa haba.

Mkataba wa Ijumaa Kuu, ule wa kumaliza mauaji hayo, ulifikiwa tarehe 10 Aprili 1998, wananchi wakauridhia mwezi Mei kwa asilimia 71 ya kura, na mwezi Juni wakachagua Bunge la wajumbe 108. Ulster Unionist walipata viti 28, SDLP 24, DUP 20 na Sinn Féin 18. Vyama vidogo viligawana vilivyobaki. Wa kwanza na wa tatu wanataka kubaki chini ya Uingereza, wa pili na wa nne wanataka kuungana na Jamhuri ya Ireland, na hata walio upande mmoja hawakuwa wakipendana. Vyama kama hivyo vingeachiwa vijadiliane juu ya nani apewe nini, nadhani vingekuwa mezani hadi leo. Kwa hiyo wizara kumi ziligawanywa kwa kanuni ya D'Hondt, mwanasheria wa Kibelgiji wa karne ya 19.

Kanuni yenyewe si ngumu. Chama chenye viti vingi huchagua wizara kwanza, kisha viti vyake hugawanywa kwa mbili na zamu humwendea mwenye idadi kubwa inayofuata. Kikichagua mara ya pili, viti vyake vya awali hugawanywa kwa tatu, na kuendelea. Tarehe 29 Novemba 1999 mambo yalikwenda hivyo hivyo mbele ya Bunge zima. Ulster Unionist walichukua Biashara na Uwekezaji, SDLP Fedha, DUP Maendeleo ya Mikoa, na zamu ya nne, kwa viti vyake 18, Sinn Féin ikamtaja Martin McGuinness kuwa Waziri wa Elimu. Unaweza kufikiri mshtuko uliowapata wapinzani wao, kwani alijulikana kuwa alikuwa kamanda wa IRA, jeshi la siri lililopigana kuiondoa Uingereza, naye shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano. Hata hivyo hapakuwa na mtu wa kumzuia, kwa kuwa hakuna aliyempa wizara hiyo isipokuwa hesabu.

Zamu ya nane ndiyo inayonivutia zaidi. Ulster Unionist walikuwa na 28 gawanya kwa tatu, yaani tisa na ziada, wakaipita kidogo Sinn Féin yenye tisa kamili. Mezani zilibaki Afya, Kilimo na Utamaduni. Wakachukua Utamaduni na kuiacha Afya, wizara yenye fungu kubwa kuliko zote, ikaangukia kwa Bairbre de Brún wa Sinn Féin, na Kilimo kikamalizikia kwa SDLP. Mimi nasoma hapo kwamba wanasiasa hawaikimbilii wizara yenye hospitali za kufunga na foleni za wagonjwa, hata iwe na fedha kiasi gani.

Juu ya mawaziri hao kumi walikuwapo David Trimble, Waziri wa Kwanza, na Seamus Mallon, ambaye jina la cheo chake lilimwita naibu ilhali mamlaka yao yalikuwa sawa kabisa. Mmoja akijiuzulu, na mwenzake ameondoka. Jumla yao kumi na wawili, sita kila upande. Waziri wa Kwanza hana uwezo wa kumfukuza waziri wa chama kingine. Polisi na mahakama zilibaki London hadi 2010.

Usidhani basi kwamba hesabu ilitosha. Mwezi Julai 1999 walijaribu mara ya kwanza, Ulster Unionist wakasusa kikao, wakateuliwa mawaziri wa upande mmoja tu, na serikali hiyo ikafutwa siku ile ile. Hata Novemba, Trimble alilazimika kulishawishi kwanza baraza la chama chake, lililomkubalia kwa kura 480 dhidi ya 349, baada ya kuweka barua ya kujiuzulu yenye tarehe ya mbele iwapo IRA haitaanza kusalimisha silaha. Madaraka yaligatuliwa tarehe 2 Desemba. Tarehe 11 Februari 2000 London ikayasimamisha kwa sababu ya silaha hizo hizo, na yakarejeshwa mwishoni mwa Mei. Mawaziri wa DUP nao waliziendesha wizara zao bila kuhudhuria vikao vya baraza, kwa kutotaka kukaa na Sinn Féin.

Sasa kwetu. Baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 tulimweka Makamu wa Kwanza wa Rais kutoka chama cha pili, na wizara zikagawanywa kwa uwiano wa viti, lakini Rais ndiye anayeteua kwa kushauriana naye. Kwao chama hujichagulia, kwetu hupewa. Faida ya mpango wetu niliiona 2016, CUF iliposusia uchaguzi wa marudio: serikali iliendelea. Hasara yake ni hiyo hiyo, kwamba iliendelea kana kwamba hakuna aliyetoka. Stormont, yaani kwenye Bunge lao, upande mmoja ukitoka mlango unafungwa kwa wote, na umefungwa miaka kadhaa zaidi ya mara moja, watumishi wa umma wakibaki kuendesha nchi bila mawaziri. Ningeweza kuazima kile cha kuchagua kwa zamu hadharani; hicho cha kufunga mlango bado kinanitatiza.

Wewe unayefuatilia mijadala ya Baraza la Wawakilishi kwa karibu kuliko mimi, niandikie: ule ushauriano wa Rais na Makamu wa Kwanza kabla ya uteuzi hufanyika kweli, au huarifiwa tu majina yakiwa tayari?

Wasalaam,
Sahibu yako