Risala ya Klabu ya Skeitibodi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi juani. Tumekuona ukishtuka kila ubao ulipogonga sakafu. Usijali, hata wazazi wetu iliwachukua muda kuizoea kelele hiyo.

Klabu yetu ya skeitibodi, yaani ubao wa magurudumu wa kutelezea, bado changa na haina mengi ya kujisifia. Kwa hiyo tunaomba tukusimulie habari za mchezo wenyewe, maana humo ndimo lilimo ombi letu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, skeitibodi haina mvumbuzi mmoja. Miaka ya 1950 huko California, Marekani, vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi walikosa la kufanya kila bahari ilipotulia. Waling'oa magurudumu ya viatu vya kutelezea, wakayapigilia chini ya ubao, wakashuka nao barabarani. Magurudumu yalikuwa ya chuma, baadaye ya udongo mgumu. Kijiwe cha ukubwa wa punje ya mahindi kilitosha kuusimamisha ubao huku mwenyewe akiendelea na safari peke yake. Haishangazi kwamba kufikia mwaka 1965 madaktari walikuwa wakilalamika, miji kadhaa ilikuwa imepiga marufuku, na waliokuwa wakitengeneza mbao hizo wakabaki na mali isiyonunuliwa.

Kilichoufufua mchezo ni gurudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy alileta magurudumu ya yurethani, aina ya plastiki, ambayo hushika ardhi na kupita juu ya vijiwe bila kukwama. Kisha ukaja ukame wa mwaka 1976 na 1977, mabwawa ya kuogelea ya California yakaachwa makavu. Vijana wa Santa Monica na Venice wakaruka uzio na kuingia humo bila hodi (hilo hatulisifu, Mwalimu Mkuu), wakagundua kwamba ukuta wa bwawa uliopinda unapandika kama wimbi. Huko ndiko walikojifunza kupanda hadi ukingoni, na hatimaye kuupita ukingo wenyewe.

Mruko uliokushtua leo unaitwa ollie. Ni jina la utani la Alan Gelfand wa Florida, ambaye mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 aliruka na ubao bila kuugusa kwa mkono. Baadaye mchezaji mwingine, Rodney Mullen, akauleta kwenye sakafu tambarare. Mguu wa nyuma unaupiga mkia wa ubao chini, pua inainuka. Papo hapo mguu wa mbele unakwangua juu ya msasa uliobandikwa ubaoni kuelekea puani, na ubao unanyooka hewani chini ya nyayo. Wazazi mliokuwa mnauliza kwa nini viatu vyetu vyote vinatoboka pale pale karibu na kidole cha mwisho, jibu ndilo hilo. Tangu hapo ngazi, benchi na vyuma vya kushikia vikawa uwanja.

Wapo waliojaribu kuuzima mchezo huu kabisa. Norway iliupiga marufuku kuanzia mwaka 1978 hadi 1989. Vijana wakaenda kujenga majukwaa yao ya kutelezea msituni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi hutuona kama watoto wasio na adabu. Tunaomba ukumbuke Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ambapo mchezo huu uliingizwa kwa mara ya kwanza. Momiji Nishiya wa Japani alipata dhahabu akiwa na miaka 13, lakini sisi tunaikumbuka zaidi fainali nyingine. Misugu Okamoto, Mjapani mwenzake aliyetarajiwa kushinda, alianguka katika zamu yake ya mwisho na kuukosa ubingwa. Alitoka akilia. Wapinzani wake wakamkimbilia, wakamnyanyua mabegani. Nasi hapa hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chetu: mtu akifaulu jambo alilolihangaikia wiki nzima, wote tunagonga mbao zetu chini, hata kama ni mgeni tusiyemjua jina.

Ombi letu si kubwa. Nyuma ya bohari kuna sakafu ya saruji isiyotumika. Tunaomba nyufa zake zizibwe, na geti lifunguliwe baada ya masomo mwalimu mlezi akiwapo. Tunaomba pia kofia ngumu, kwani tulizonazo ni nne na sisi tuko kumi na tisa. Anayesubiri zamu ya kofia haruhusiwi kupanda ubao, na jioni huisha upesi.

Mwisho, tumekuandalia ubao mpana kuliko yote, pamoja na vijana wawili wa kukushika mikono. Ukiwa tayari, uanze kwa mguu wowote upendao.

Tunaomba kuwasilisha.