Rondo: mnafyeka mivule ili mpande msitu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile habari ya upandaji miti huku Rondo, yenye picha ya mgeni rasmi ameshika jembe, imenishinda. Mmeandika kwamba msitu sasa umerudi. Kilichopandwa pale ni mitiki, mistari kwa mistari. Shamba la mitiki lina faida zake, ila si msitu.

Mwandishi wenu hakuuliza kabla ya hapo paliota nini. Mimi nilikuwepo vijana walipoletwa na mapanga kusafisha eneo. Walifyeka kila kitu, yakiwemo maotea ya mvule, yaani miche iliyojiotea yenyewe, yaliyofika magotini, yale yenye majani ya meno meno pembeni na vinyweleo vinavyokwaruza mkono. Nikamwambia msimamizi kwamba ile ni mivule. Akanijibu, "Mzee, haimo kwenye orodha."

Haimo kwenye orodha! Mvule una dume lake na jike lake, kila mmoja mti mbali. Chavua ya dume inasafiri na upepo, kwa hiyo madume yakiisha, jike lililobaki peke yake halina la kufanya. Tunda la jike ni laini, popo hulila usiku na kwenda kudondosha mbegu mbali, mbegu ndogo kabisa. Nyingi zinaharibika, na inayoota haiwezi kukua kivulini; inangoja mti mkubwa uanguke ili jua lifike chini. Kazi yote hiyo ya upepo, popo na jua inafyekwa asubuhi moja! Wala msiniambie mivule itaoteshwa kitaluni: ikijazana mahali pamoja, wadudu wanaosababisha vinundu kwenye majani huivamia na ncha zinakufa. Mivule ya Rondo ilivunwa sana enzi za mkoloni, hasa miaka ya 1940 na 1950. Haya maotea ndiyo uzao wa ile iliyosalia.

Na wanafunzi je? Walitolewa darasani tangu asubuhi, wakasimama juani na viriba mikononi hadi mgeni alipofika mchana. Miche ilinyauka, na vipindi vya siku nzima vikapotea. Nani atawafidia?

Ninachotaka ni hiki. Kabla panga halijaingia, wapite wazee wawili wanaoijua miti, wafunge kitambaa chekundu kila otea la mvule na la mkongo, na penye kitambaa pasiguswe kwa misimu mitatu. Kila mvule jike apigwe pete ya rangi nyeupe shinani, asikatwe. Miche ya mitiki ya kitalu ipelekwe kwenye mashamba yaliyochoka, ndiko inakohitajika. Nanyi mtumeni mwandishi wenu arudi mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kikali, aje na futi kamba apime kilichosimama. Nitampeleka mwenyewe.

Msomaji wenu,
Rondo, Lindi