Mwanangu, saa za kusoma zitatoka wapi?

Njoro, Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Hamjambo huko Kisumu? Kikohozi cha Imani kimepoa? Sisi tu wazima, mvua imenyesha na mahindi yameota vizuri.

Tangu tuongee kwa simu kuhusu digrii unayotaka kuisomea nyumbani kwa mtandao, nimekuwa nikiyawaza yale maneno ya shemeji yako, kwamba digrii ya kusomea nyumbani si digrii. Usiyatie moyoni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha walimu shahada kwa masafa, yaani wakisomea mbali na chuo, mwaka 1986, kikiendesha masomo hayo kutoka Kikuyu, na waliohitimu wamefundisha nusu ya watu ninaowajua. Leo Maseno wana kitengo chao cha masomo ya mtandaoni hapo hapo mjini kwenu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya nacho, kilichopewa hati mwaka 2023, kilianzishwa kwa kazi hiyo hiyo ya kufundisha kwa mtandao. Hilo limekwisha.

Kinachonisumbua mimi ni saa zako. Katika mfumo wetu wa kitaifa wa sifa za elimu, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na humo mna kusikiliza somo, kusoma peke yako, kufanya kazi uliyopewa na kujiandaa kwa mtihani. Tuseme umechukua uniti, yaani somo moja la muhula, ya krediti 10. Hizo ni saa 100. Zigawanye kwa wiki 15 za muhula, unapata karibu saa 7 kila wiki. Uniti mbili, saa 14 hivi. Sasa niambie, mama, katika nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na kibanda cha nguo pale Kibuye, saa 14 zitatoka wapi?

Nakuuliza kwa sababu nimeyapitia. Nilipokuwa nikisomea diploma nikiwa kazini, tulikuwa tukiingia chuoni likizo za Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifunguliwa tunarudi nyumbani na moduli zetu. Wewe ulikuwa mdogo. Moduli yangu ya hesabu ilikuwa imelowa mafuta ya taa pembeni, maana niliisoma jikoni kando ya koroboi nyote mkishalala. Hata hivyo nisingefika popote kama baba yako hangekubali kwamba Jumatatu na Alhamisi jioni vyombo na chakula ni vyake. Alikubali mbele ya mama yake, na hapo ndipo watu waliacha kunitumatuma.

Aendaye chuoni huonekana akibeba mkoba, kila mtu anajua anasoma. Wewe utakuwa umekaa sebuleni na simu mkononi. Jirani atakuomba umwangalizie mtoto, wifi yako atakutuma sokoni. Kwa hiyo keti na Baba Imani kabla ya kujiandikisha, mtaje siku na saa, naye awaambie watu wake mwenyewe. Usimwachie akisie. Stima ikikatika au nyumba ikijaa wageni, nenda maktaba ya taifa hapo Kisumu. Mimi nitalipa yaya wa nusu siku kila Jumamosi, na wiki za mitihani Imani aje kwangu.

Kuhusu pesa, usiharakishe. Kuna mwalimu mwenzangu aliyelipa karo ya mwaka mzima, kisha akagundua kwamba kozi yenyewe haikuwa imeidhinishwa. Hakurudishiwa kitu. Hakikisha kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba chuo na kozi vyote viwili vinatambuliwa. Kisha ile diploma yako ya biashara: waulize ni uniti zipi watakazokuhesabia, ili usirudie ulichokwisha kusoma. Wasikujibu kwa mdomo. Wapelekee nakala ya matokeo yako, wakuandikie uniti moja moja. Uliza pia mitihani inafanyiwa wapi, kwa sababu vyuo vingine vinakutaka ufike mwenyewe, na nauli lazima iingie kwenye hesabu.

Uniti mbili zinatosha kwa muhula wa kwanza, hata kama chuo kinakuruhusu tano. Akili unayo, hilo sina wasiwasi nalo kabisa.

Waandikie watu wa udahili wiki hii. Wakijibu, nipigie jioni unisomee barua yao yote kabla hujatuma shilingi.

Wako akupendaye,
Mama