Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Afya ya Akili ya Vijana Wetu Wenye Mikataba

Waheshimiwa wanachama, wazee walezi wa chama, makocha na vijana wa kambini,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha riadha kwa mwaka unaomalizika. Kwa kuwa waliofika kwenye mkutano mkuu walikuwa wachache, kamati imekubali taarifa hii isambazwe kwa maandishi ili kila mwanachama aisome mwenyewe badala ya kusimuliwa sokoni.

Shughuli za kawaida nitazipitia kwa haraka kwa sababu mnazifahamu. Mbio za nyika za watoto wa shule zilifanyika Februari, kambi ya likizo ilipokea vijana 64, wanachama watatu walifiwa na tukawafariji kama ilivyo desturi, viatu vya wahisani viligawanywa, na kodi ya ofisi ililipwa bila kuchelewa hata mwezi mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla ya kamati hii kuingia madarakani. Mapato yalikuwa shilingi 1,318,000, matumizi shilingi 1,190,000, na salio ni shilingi 128,000, ambapo 105,000 kati ya hizo zimeshatengwa. Vitabu viko kwa mweka hazina.

Jambo linalohitaji maelezo marefu ni uamuzi wa mwezi Aprili, ambapo shilingi 420,000 zilizokuwa zimewekwa kwa ununuzi wa gari la kambi zilielekezwa kumlipa mshauri nasaha anayekuja hapa Iten siku mbili kila wiki kwa muda wa mwaka mmoja. Pamoja na hilo, kamati iliweka sharti kwamba kijana wa chini ya miaka 25 anayetia saini mkataba na kampuni ya viatu au wakala wa nje aonane na mshauri huyo angalau mara tatu kabla chama hakijamwandikia barua ya utambulisho. Najua yamesemwa mengi. Imesemwa kwamba nimewafanya vijana waonekane wendawazimu mbele ya mameneja, kwamba gari lingewafaa zaidi, na kwamba mwenyekiti aliamua peke yake. Wazo lilikuwa langu, silikani wala sioni haya kulitetea, lakini uamuzi ulikuwa wa kamati, na kumbukumbu za kikao zimetiwa saini na wajumbe saba kati ya tisa.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza mbele ya watu: kijana mwenye mamilioni benki ana mawazo gani? Namjibu kwa jina ambalo sote tunalijua. Samuel Wanjiru alishinda marathon ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 21, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu hiyo. Mwaka uliofuata alishinda London na Chicago, na kwa misimu miwili mfululizo alitwaa zawadi ya dola 500,000 inayotolewa kwa bingwa wa marathon kubwa za dunia. Mei 2011 aliaga dunia baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu, akiwa na miaka 24, na katika miezi yake ya mwisho ugomvi wa nyumbani na kesi vilikuwa vikisomwa magazetini. Namna alivyoanguka si suala la chama hiki. Ninachosema ni kwamba katika riadha yetu ya wakati ule kijana alipangiwa kocha, wakala na mkandaji, lakini halikuwa jukumu la mtu yeyote kumuuliza kama analala usiku.

Wanaosema fedha huondoa mawazo nawaomba wafanye hesabu hii pamoja nami. Mshindi wa marathon ya Boston hutangazwa kwenye redio kuwa amepata dola 150,000, na kabla hajashuka kwenye ndege kijiji kizima kimeshazigeuza kuwa shilingi. Redio haisemi kwamba Marekani kwa kawaida humkata mgeni kodi ya asilimia 30, yaani dola 45,000, wala kwamba wakala huchukua asilimia 15, yaani dola 22,500. Zilizobaki ni dola 82,500, nazo husubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku na zinaweza kuchukua miezi kabla ya kuingia kwenye akaunti. Katika miezi hiyo kijana anaishi kama tajiri machoni pa watu huku akikopa nauli.

Nilikaa na mmoja wa vijana wetu, ambaye sitamtaja, siku chache baada ya yeye kurudi kutoka mbio za Ulaya. Simu yake aliilaza kifudifudi mezani, nayo ilitetemeka mfululizo hadi ikasogea ukingoni, akairudisha katikati bila kuitazama. Mjomba alitaka karo, kanisa lilitaka mabati, mtu aliyesoma naye alikuwa amemtumia kadi ya harambee, na mwenye ploti alimtaka alipe siku hiyohiyo kabla bei haijapanda. Aliniambia kwamba hajalala vizuri tangu arudi, kwamba akizima simu watasema ana maringo, na kwamba mahali pekee anapopata nafuu ni barabarani alfajiri, ambako hakuna anayemwomba kitu. Kijana huyo ana miaka 21.

Mkataba wenyewe nao una uzito wake. Mikataba mingi ya viatu ina vifungu vya kupunguza malipo iwapo mwanariadha hatakimbia idadi ya mbio zilizoandikwa au atashuka katika orodha ya ubora. Allyson Felix wa Marekani, bingwa wa Olimpiki, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba alipojadili mkataba mpya wakati wa kupata mtoto, Nike ilitaka kumlipa pungufu kwa asilimia 70 kuliko awali. Ikiwa mtu wa hadhi yake, mwenye mawakili, alifikishwa hapo, kijana wa kutoka bonde la Kerio aliyetia saini kurasa za Kiingereza ambazo hakusomewa na mtu atajitetea vipi? Ndiyo maana tunawaona wakifanya mazoezi ya kasi huku kano ya kisigino imevimba, kwa sababu kupumzika miezi mitatu ni kukatwa malipo, na kukatwa malipo ni kusimamisha nyumba ya mama ikiwa imefika kwenye lenta.

Juu ya hayo kuna sheria ya kuripoti mahali ulipo. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya kupimwa dawa zilizopigwa marufuku lazima ataje saa moja ya kila siku ambayo atapatikana mahali fulani, na akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 anaweza kufungiwa. Sheria hiyo ni ya haki na naiunga mkono kikamilifu, kwa sababu jina la Kenya limechafuliwa vya kutosha. Lakini mpimaji akibisha hodi alfajiri na kijana akawa amelala kwa shangazi yake kwa ajili ya matanga, kazi yake yote inaanza kuning'inia, na wasiwasi huo haumtoki hata siku ambazo hakuna mtu anayekuja.

Kwa mabinti zetu hali ni nzito zaidi. Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee Septemba 2021, na Oktoba ya mwaka huohuo akakutwa ameuawa nyumbani kwake hapahapa Iten, akiwa na miaka 25. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka tu kukimbia marathon ya Olimpiki ya Paris, alichomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia na kufia hospitalini Eldoret, na mzozo wa ardhi ukatajwa. Hayo ni mauaji, si maradhi, na sitaki yachanganywe. Hata hivyo wapo mabinti wa chama hiki wanaokimbia huku kadi ya benki iko mfukoni mwa mtu mwingine na hati ya shamba ina jina la mtu mwingine, wakiogopa kushinda kama wanavyoogopa kushindwa. Mabinti hao nao wanahitaji mlango wa kubisha.

Kuhusu hofu kwamba mameneja watawakimbia vijana wanaomwona mshauri, dunia ya michezo imeshavuka hapo. Simone Biles, mchezaji wa jimnastiki wa Marekani, alijiondoa katika fainali za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akaeleza kuwa akili yake haikuwa tayari, na Paris akarudi kutwaa dhahabu. Noah Lyles, mkimbiaji wa mbio fupi wa Marekani, alitangaza mwaka 2020 kwamba anatumia dawa za mfadhaiko, na miaka minne baadaye akashinda mita 100 za Olimpiki. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA imezitaka timu zake kuwa na wataalamu wa afya ya akili tangu msimu wa 2019-20. Sisi tunaosema tuyamalize nyumbani tumesahau kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Tangu Aprili vijana 23 wameonana na mshauri, wengine zaidi ya mara tatu walizotakiwa, na wanne walipelekwa kwa madaktari Eldoret. Majina yao siyajui wala sitaki kuyajua, na mjumbe aliyeniomba orodha nilimkatalia. Chumba nilikitafuta mwenyewe, nyuma ya duka la dawa za mifugo, chenye mlango usioonekana kutoka barabarani, na gharama ya kukipaka rangi niliitoa mfukoni mwangu. Nawakumbusha pia kwamba Januari mwaka huu Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Anayefikia hatua hiyo sasa apelekwe kwa daktari, na mzazi asiogope tena polisi.

Sasa kuhusu utaratibu. Wanaodai hawakushirikishwa wajiulize walikuwa wapi. Chama kina wanachama 124 walioandikishwa, na akidi ni 42. Mkutano wa Machi walifika 19, wa marudio wakafika 26, na ndipo kifungu cha dharura cha katiba kikaipa kamati mamlaka ya kuamua. Taarifa ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi kwa wiki mbili na kusomwa makanisani. Baadhi ya waliolalamika kwa sauti kubwa hawajahudhuria mkutano wowote tangu nichaguliwe, na inanihuzunisha zaidi kwamba miongoni mwao wamo waliokimbia enzi zetu, wanaokumbuka vizuri wenzetu waliorudi na fedha wakaishia kwenye chang'aa bila mtu kuwauliza kilichowasibu.

Ada nayo inasikitisha. Ada ya mwaka ni shilingi 2,000, na waliolipa ni 51. Wengine 73 hawajalipa, na miongoni mwao wamo wenye magari makubwa na nyumba za kupangisha Eldoret, wakati vijana wa kambini ambao hawajapata hata mbio moja ya nje wamelipa kwa M-Pesa kidogokidogo hadi wakamaliza.

Kwa mwaka ujao ni matumaini ya kamati kwamba, Mungu akipenda, tutapata wahisani, kampuni za viatu zitaombwa zichangie gharama ya mshauri, na wakili wa kusomea vijana mikataba huenda akapatikana. Suala la gari litaangaliwa hali ikiruhusu. Fedha za mshauri zinaishia Machi, na shilingi 105,000 nilizotaja ndizo zitakazomfikisha huko. Ada ambayo haijalipwa ni shilingi 146,000, na kwa malipo ya shilingi 35,000 kwa mwezi inatosha kumweka miezi minne zaidi. Naomba ifike kwa mweka hazina kabla ya tarehe 31 Januari, na risiti itatolewa.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti