Risala ya sisi washona kofia kwa Daktari wetu

Assalam aleykum. Mgeni wetu wa heshima Daktari, wazee wetu, kina mama wenzangu, na nyinyi vijana mlobanana pale barazani manake viti vimeisha, karibuni nyote. Nimepewa dakika tano na mdomo ninao, basi mtanivumilia.

Daktari, wengine humu tunakujua toka ukijirusha majini pale jeti na kaptura ya shule, leo umerudi Amu, Lamu yetu hii, mtafiti wa maradhi ya kinga ya mwili, mashaallah.

Kazi yetu unaijua, kofia za vito. Vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kizungushiwe uzi, kofia moja yakaa mkononi miezi, na yote ni vidole na macho. Sasa mshonaji aamke alfajiri vidole havikunjiki, mikono yote miwili, vifundo vimefura, hata vishikizo vya mtoto hawezi kufunga mpaka jua lipande. Wenzetu wanne humu ndani wako hivyo na mimi ni mmoja wao.

Miaka yote tuliambiwa ni baridi. Ati upepo wa kusi, ati umefua sana, ati umelala sakafuni. Nimesuguliwa mafuta ya simsim mpaka paka wananifuata, na kwenye kliniki moja nikapewa vidonge vya maumivu miaka mitatu bila kuulizwa chochote, tumbo nalo likaharibika juu yake.

Wewe ndio ulotuambia vingine, ile siku baada ya Maulidi. Ukasema haya ni maradhi ya baridi yabisi, baridi ya jina tu, askari wa mwili wanaotulinda na vijidudu wamegeuka wanaipiga nyumba yao wenyewe, wanavamia ule utando laini wa ndani ya viungo, unavimba, ukiachwa unakula mpaka mfupa, na sisi wanawake yatupata kama mara tatu kuliko wanaume. Upepo haumo. Kuna mama alilia pale, miaka kumi alikuwa akijilaumu kwa kufua usiku.

Na habari ya yule Philip Hench wa Mayo Clinic kule Marekani hatujaisahau. Aliona wagonjwa wake wa baridi yabisi wakipata manjano, yale ya macho na ngozi kugeuka rangi, au wakishika mimba, maumivu yanapungua, akajiuliza mwilini mna nini hapo, hakuwaambia ni fikira zao tu. 1948 akamdunga dawa ya kotisoni mama mmoja alokuwa hawezi kutembea, siku chache mama huyo akatembea, na 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Nobel. Halafu ikaonekana dawa ile ukikaa nayo sana uso unafura, mifupa inalika, sukari inapanda. Mpaka 1992 ndio kule London Marc Feldmann na Ravinder Maini wakawajaribia wagonjwa dawa ya kumzima tarishi mmoja tu, TNF, anayezichochea seli. Hapo nilipenda, ni kama kumnyamazisha mpiga ngoma mmoja badala ya kuvunja harusi nzima.

Ila sindano hizo za kuzima TNF bei yake twaisikia tu. Sisi tuna vidonge vya methotrekseti, vya kuwatuliza hao askari, mara moja kwa wiki, SI kila siku, hilo ulilirudia mpaka tukacheka, na mwenzetu alokuwa akitaka mtoto ukamwambia asiviguse, kwanza arudi kwa daktari wake. Mimi humeza Ijumaa nisisahau.

Maombi yetu ni mawili tu. La kwanza, mtusaidie kusema tupate daktari wa viungo japo mara moja kwa miezi kadhaa hapa hapa, manake sa hii ni boti mpaka Mokowe halafu basi mpaka Mombasa, na huyo anayepanda basi ndiye asoweza kushika chuma cha kiti. La pili, hili laniuma. Walishakuja watu hapa wakatoa damu, wakaandika majina, wakashukuru, wakaenda zao mpaka leo. Wewe ukichukua damu zetu, hapa mjini au kule Siyu na Faza, rudi utwambie umeona nini, kwa Kiswahili, hata kama hukuona kitu. Na yale tunayokwambia sisi yaandike pia, Hench alianzia hapo hapo.

Sasa njoo tukuvishe kofia yako. Nusu ya vito nimeshona mimi kwa vidole hivi, ukiona pahali uzi umepinda ujue siku hiyo baridi ilikuwa imenikamata... ah, nishasema si baridi.