Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025: Suala la Vituo vya Kazi Baada ya Mashirika Kuungana

Ndugu wanachama,

Hesabu za umoja wetu wa wahudumu wa ndege zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Rambirambi na michango ya wagonjwa ilifika kwa wahusika, nanyi nyote mliochanga nawashukuru kwa moyo wangu wote. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja ambalo limewanyima usingizi wengi wenu tangu Alaska Airlines ilipokamilisha ununuzi wa Hawaiian Airlines tarehe 18 Septemba 2024, nalo ni vituo vya kazi, yaani viwanja ambako mhudumu huanzia na kumalizia zamu zake.

Asiyeifahamu kazi yetu hudhani kituo ni jina la uwanja wa ndege tu. Sisi tunajua kwamba kituo ndicho kinachoamua mtoto atalala kwa nani, kodi ya nyumba italipwa mji gani, na kama mtu ataamka saa tisa usiku kwa ajili ya zamu yake au kwa ajili ya ndege ya kumpeleka kwenye zamu. Zaidi ya hayo, tarehe yako ya kuanza kazi haina uzito sawa kila mahali, kwa sababu zamu hugawanywa kwa kulinganisha watu wa kituo kimoja. Mhudumu wa miaka 10 aweza kuchagua siku zake za mapumziko katika kituo chenye waajiriwa wengi wapya, na mhudumu huyohuyo akihamia kituo chenye wakongwe wengi akajikuta tena kwenye zamu ya akiba, akisubiri simu imwite.

Mashirika hayo yalipoungana, wahudumu wa Alaska walikuwa na vituo vya Anchorage, Seattle, Portland, San Francisco, Los Angeles na San Diego, na wale wa Hawaiian walikuwa na Honolulu na Los Angeles. Tarehe 29 Oktoba 2025 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliyapa mashirika yote mawili cheti kimoja cha uendeshaji. Baadhi yenu mlinipigia siku hiyohiyo mkiuliza kama sasa mnaweza kuomba uhamisho wa Honolulu. Jibu langu lilikuwa hapana, na hadi tunafunga mwaka halijabadilika. Cheti ni jambo kati ya shirika na serikali. Haki ya mhudumu kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine hutokana na mkataba wa pamoja wa hali bora za kazi na orodha moja ya ukongwe, na mwaka umekwisha wahudumu wa pande mbili wakiwa bado chini ya mikataba miwili. Afadhali ni kwamba pande zote mbili zinawakilishwa na chama kimoja cha wafanyakazi, AFA, ambacho utaratibu wake ni kuunganisha orodha kwa kufuata tarehe ya kuanza kazi, wala hakuna upande unaobandikwa chini ya mwingine.

Wanaohitaji kuangalia kwa makini zaidi ni ndugu zetu wa Los Angeles, ingawa wao ndio walionipigia kwa uchache. Mji huo ulikuwa na kituo cha kila upande. Vikija kuwa kimoja, hakuna atakayehama nyumba, lakini nafasi ya kila mtu katika orodha ya kituo itasogea, na huenda aliyekuwa akipata Jumapili zake bila shida akazipoteza bila hata kujaza fomu moja. Kuhama si lazima kuwe kwa miguu.

Kuhusu Honolulu, naelewa inavyovutia. Alaska iliahidi tangu mwanzo kwamba vituo vya marubani, wahudumu na mafundi vitabaki huko, na ndege pana, zile kubwa zenye njia mbili kati ya viti, ni kazi ambayo wengi wenu hamjawahi kuifanya. Lakini ndege pana hazikubaki Hawaii peke yake. Mwaka huu A330 za Hawaiian zilianza kuruka kutoka Seattle kwenda Tokyo mwezi Mei na Seoul mwezi Septemba. Kwa maoni yangu, mtu anayetamani safari ndefu za kimataifa atazame safari zinaanzia wapi kabla ya kutazama jina lililoandikwa kwenye ndege.

Wengi wetu tunaishi Kent, Tukwila na SeaTac, miji jirani na Seattle. Mtu wa Kent atakayechagua kituo cha Honolulu atatumia takriban saa 6 angani kwenda kuanza kazi, bila malipo, kwenye kiti kitakachobaki baada ya abiria waliolipa nauli kukaa. Krismasi na wakati wa likizo za shule viti hivyo ni haba. Sheria ya mapumziko ya saa 10 mfululizo inamlinda kati ya zamu na zamu, lakini haimlindi na uchovu anaojiletea mwenyewe kwa kusafiri usiku kucha kabla ya zamu ya kwanza. Tofauti ya saa nayo hubadilika, kwani Hawaii hawasogezi saa zao: ni saa 2 nyuma ya Seattle wakati wa baridi na saa 3 wakati wa kiangazi. Tena kuna safari za nyumbani. Msiba ukitokea, aliye Seattle anaweza kupita Doha na kushuka Nairobi au Dar es Salaam, ilhali aliye Honolulu lazima kwanza avuke Pasifiki.

Kuhusu kodi niliulizwa sana. Sheria ya shirikisho inaruhusu mapato ya mhudumu wa ndege kutozwa na jimbo analoishi, au jimbo ambako anapata zaidi ya nusu ya mapato yake ya kazi hiyo, si kila jimbo anakotua. Jimbo la Washington halitozi kodi ya mshahara, lakini Hawaii, Oregon na California zinatoza. Anayehamisha makazi pamoja na kituo aifanye hesabu hiyo mapema.

Wazee wa kazi hii hawataki shirika la ndege la TWA lisahauliwe. Mwaka 2001 American Airlines ilipolinunua, wahudumu wa TWA waliwekwa chini ya orodha nzima, na kufikia katikati ya 2003 wote walikuwa wamepunguzwa kazini, wakiwemo waliotumikia miongo kadhaa. Machungu hayo yalichangia sheria ya McCaskill-Bond ya mwaka 2007, inayodai orodha ziunganishwe kwa haki. Sheria hiyo hulinda orodha, si vituo. Mashirika ya United na Continental yaliungana tarehe 1 Oktoba 2010, lakini wahudumu wao walianza kufanya kazi pamoja tarehe 1 Oktoba 2018. Katika miaka hiyo, Cleveland ilipunguziwa safari nyingi mwaka 2014, na hata hivyo kituo cha wahudumu kilibaki. Kisha mwaka 2020 United ilifunga vituo vya Frankfurt, Hong Kong na Tokyo, na walioweza kuhamia Marekani ni wale tu waliokuwa na haki ya kufanya kazi huku. Nawaomba wenye vibali vya muda walitafakari hilo kwa uzito.

Nina jambo la kuungama. Katikati ya mwaka kamati yetu ilisambaza kwenye kundi letu la WhatsApp ujumbe uliosema uhamisho ungefunguliwa kabla ya Desemba. Hatukuuthibitisha. Mwanachama mmoja aliuamini, akavunja mkataba wa nyumba yake na kupoteza amana. Nilimtembelea kumwomba radhi, na leo naiomba radhi jumuiya nzima. Tangu siku hiyo hatusambazi habari ya kituo chochote isipokuwa imetoka kwenye tangazo rasmi la chama cha wafanyakazi au la shirika.

Ushauri wa kamati ni kwamba asiwepo wa kuuza nyumba, kumhamisha mtoto shule wala kulipia kitanda cha kupanga mji mwingine hadi orodha moja itakapochapishwa na mtu ajue yeye ni wa ngapi katika kituo anachokitaka. Mkataba wa pamoja utakapoletwa kwa kura, someni kwanza vifungu vya uhamisho: nani analipa gharama za kuhama kituo kikifungwa, mtu anapewa siku ngapi, na kama ana haki ya kurudi kituo chake kikifunguliwa tena. Mishahara itasomwa na kila mtu; vifungu hivi, nahofia, vitasomwa na wachache.

Kamati inapendekeza sehemu ya akiba yetu itengwe kuwakopesha bila riba wanachama watakaolazimika kuhama. Kiasi na masharti vitajadiliwa baada ya hesabu kusomwa, na kura itapigwa leo hii. Waliopo safarini wapige kura kwa simu kupitia katibu.

Mwenyekiti